Taarifa ya Hali ya Hewa Uwanjani si Karatasi ya Kujaza Jalada

Kwa miaka mingi sasa Taifa limekuwa likitumia fedha nyingi za wananchi kujenga na kupanua viwanja vya ndege. Uwanja wa Songwe ulifunguliwa mwaka 2012 ili Nyanda za Juu Kusini zipate huduma ya ndege kubwa. Kuanzia mwaka 2016 Serikali ilianza kununua ndege mpya ili kulifufua Shirika la Ndege la Tanzania. Jengo la tatu la abiria katika uwanja wa Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2019. Hayo ni mambo ya kujivunia, na hakuna mwananchi mwenye akili timamu anayeweza kuyabeza.

Hata hivyo, lami, kioo na bawa la ndege ni nusu tu ya usafiri wa anga. Nusu ya pili haionekani kwa macho, haikatiwi utepe, wala haipigiwi ngoma siku ya kuzinduliwa. Nusu hiyo ni habari: upepo unavuma kutoka wapi na kwa nguvu gani, mawingu yako kwenye kimo gani, macho yanaona umbali gani, njia ya kurukia ni kavu au imetuama maji, taa zinawaka au zimezimika. Rubani asiyekuwa na habari hizo ni sawa na dereva aliyefungwa kitambaa usoni, hata kama gari lake ni jipya na barabara yake ni ya lami.

Jambo la kusikitisha ni kwamba wako watumishi, wakubwa kwa wadogo, ambao bado huiona taarifa ya hali ya hewa ya uwanja kama karatasi nyingine ya kujaza jalada. Wengine huona kituo cha upimaji ni mahali pa kumpeleka mtumishi aliyekosa kazi nyingine. Wengine huona kwamba mtu anayetazama mawingu kila saa analipwa mshahara wa bure. Fikira hizi ni potofu na ni za hatari, na zinapaswa kupingwa bila kuoneana haya.

Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria ikiwa karibu kutua Bukoba, wakati hali ya hewa ikiwa mbaya. Ndani yake walikuwamo watu 43. Waliokufa ni 19. Wavuvi wa pale pale ndio waliotangulia kufika na mitumbwi yao kuokoa roho za watu. Kila ajali ya ndege ina mnyororo wa sababu, na si kazi ya ukurasa huu kumhukumu mtu yeyote kwa ajali ile. Lakini baada ya msiba, mitaani na hata maofisini, ulisikika tena ule usemi uliozoeleka kwamba ajali haina kinga.

Usemi huo una mahali pake. Hutumika kumfariji mfiwa, na hakuna ubaya katika hilo. Ubaya huanza unapotumiwa na mtumishi wa umma kuelezea kazi yake. Ingekuwa kweli kwamba ajali haina kinga, basi mataifa yaliyotia saini Mkataba wa Chicago mwezi Desemba mwaka 1944 yalipoteza wakati wao bure. Mataifa hayo yalikubaliana kwamba kila nchi itoe huduma za hali ya hewa na habari za viwanja kwa namna moja, kwa alama zile zile, ili rubani wa Ethiopia aelewe taarifa ya Mwanza kama anavyoielewa ile ya Addis Ababa. Kinga ipo. Swali ni kama wanaopaswa kuitunza wanaitunza.

Inafaa wananchi waelewe jinsi kinga hiyo inavyofanya kazi, maana ni vigumu kuheshimu kazi usiyoijua. Katika kila uwanja wenye kituo kamili, mpimaji hutoa taarifa kila saa moja, na penye shughuli nyingi kila nusu saa. Taarifa hiyo, inayojulikana duniani kote kwa jina la METAR, ni mstari mmoja tu wa herufi na tarakimu. Huanza na alama ya uwanja: HTDA ni Dar es Salaam, HTMW ni Mwanza, HTBU ni Bukoba. Hufuata tarehe na saa, kwa saa za dunia, ambazo kwetu hutanguliwa kwa saa tatu. Kisha huja upepo uliopimwa kwa wastani wa dakika kumi, upeo wa macho kwa mita, mvua au ukungu kama upo, mawingu na kimo chake, joto, unyevu, na mwisho mgandamizo wa hewa. Yote hayo hayazidi mstari mmoja wa daftari la mwanafunzi.

Mtu anaweza kuuliza: je, kosa la tarakimu moja katika mstari huo lina madhara gani? Jibu lilipatikana Paris tarehe 23 Mei 2022. Ndege aina ya Airbus A320 ilikuwa ikishuka katika mvua kuelekea uwanja wa Charles de Gaulle. Mgandamizo halisi wa hewa ulikuwa hektopaskali 1001, lakini mwongoza ndege aliwatajia marubani 1011. Altimita, yaani chombo kinachomwonyesha rubani kimo chake, hutegemea tarakimu hiyo. Kila hektopaskali moja ya kosa ni kiasi cha mita nane za kimo. Kwa hiyo ndege ilikuwa chini zaidi ya mita 80 kuliko marubani walivyoamini. Walipogundua kuwa hawaioni njia ya kurukia na kuamua kupaa tena, walikuwa wameshuka hadi kiasi cha mita 2 tu kutoka ardhini, huku njia yenyewe ikiwa bado mbele yao kwa karibu kilomita moja na nusu. Ndege ilikuwa nzima, marubani walikuwa na leseni, na uwanja ni miongoni mwa viwanja vikubwa vya Ulaya. Kilichokosewa ni sifuri iliyotajwa kuwa moja.

Kama hayo yanaweza kutokea Paris, mtumishi wa hapa nchini anayejaza mgandamizo wa saa iliyopita kwa sababu ameona uvivu kukisogelea chombo, hana hoja ya kujitetea. Huyo hajakosea hesabu tu. Ameweka mtego njiani na kwenda zake kunywa chai.

Wako pia wanaosema kwamba rubani ana macho na rada, kwa hiyo atajionea mwenyewe akifika. Hoja hii ni dhaifu. Rubani anayetoka Dar es Salaam kwenda Bukoba huamua kiasi cha mafuta kabla ya kuwasha injini. Huamua pia ni uwanja gani atakimbilia iwapo Bukoba haitamruhusu kutua. Maamuzi hayo hufanywa ardhini, kwa kutumia taarifa na utabiri uliopo mezani. Akishafika juu ya ziwa na kukuta mvua imefunga, macho yake yatamwonyesha mvua, lakini hayatamwongezea mafuta.

Tena eneo la Ziwa Victoria lina tabia yake. Usiku, maji ya ziwa yenye joto hukutana na upepo unaovuma kutoka nchi kavu, na juu ya ziwa hujengeka mawingu makubwa ya radi. Alfajiri na asubuhi dhoruba hizo mara nyingi husukumwa kuelekea magharibi, yaani upande wa Kagera. Ndiyo maana Bukoba ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kabisa nchini, na ndiyo maana wavuvi wa ziwa hilo wamezika ndugu zao wengi. Wingu la namna hiyo linaweza kubadilisha anga katika muda usiozidi nusu saa. Taarifa ya saa moja iliyopita, iliyosema kweli ilipoandikwa, inaweza kuwa uongo rubani anapoisoma.

Kwa sababu hiyo kanuni za kimataifa zimeweka taarifa maalumu, ambayo mpimaji hutakiwa kuitoa mara tu hali inapobadilika, bila kungoja saa ijayo. Hapa ndipo inapopimwa nidhamu ya kazi. Kutoa taarifa ya kawaida ni suala la saa ya ukutani. Kutoa taarifa maalumu ni suala la dhamiri, maana hakuna kengele inayolia kumwambia mpimaji atoke nje. Ni lazima awe anatazama. Mpimaji aliyefunga ofisi kwa kuwa saa za kazi zimekwisha, na huku ndege ya mwisho bado iko angani, amefunga macho ya uwanja mzima.

Yanayosemwa kuhusu anga yanahusu ardhi vilevile. Joto la mchana katika uwanja ulio juu ya mlima si habari ya kujaza nafasi. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na Nairobi zaidi ya mita 1,600. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na jua likiipasha moto huzidi kuwa nyepesi. Bawa hupata mshiko mdogo, injini hupungukiwa nguvu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi kabla ya kuruka. Rubani aliyepewa joto la asubuhi kwa safari ya saa nane mchana hupakia mizigo ambayo njia haitoshi kuinyanyua.

Na juu ya njia yenyewe, tangu tarehe 4 Novemba 2021 dunia inatumia utaratibu mmoja wa kueleza hali yake. Njia hugawanywa katika mafungu matatu, na kila fungu hupewa alama kutoka 6, yaani kavu, hadi 0, yaani haifai. Njia yenye unyevu wa kawaida hupata 5. Maji yakituama kwa kina kinachozidi milimita 3, alama hushuka hadi 2, kwa kuwa matairi yanaweza kuelea juu ya maji na breki zikakosa kazi. Tofauti kati ya 5 na 2 haiwezi kujulikana kwa kuchungulia dirishani. Ni lazima mtu apande gari, aende mpaka mwisho wa njia, ashuke kwenye mvua na kupima. Mtumishi anayeandika 5 akiwa amekaa kwenye kiti anadanganya, na uongo wake unaweza kuishia kwenye mtaro, au ziwani.

Kundi jingine la watumishi lina kisingizio cha kisomi zaidi. Hao husema: ilani ilitolewa, jalada lina nakala, basi kazi yetu imekwisha. Wanakusudia zile ilani kwa marubani ziitwazo NOTAM, ambazo hutangaza kuwa njia fulani imefungwa, taa fulani hazifanyi kazi, au mnara mpya umesimamishwa karibu na uwanja. Ndugu hawa inafaa wakumbushwe yaliyotokea Taipei usiku wa tarehe 31 Oktoba 2000. Ndege kubwa ya Singapore Airlines, katika mvua na upepo wa kimbunga, iliingia njia isiyokuwa yake, ikagonga mitambo ya ujenzi, na watu 83 kati ya 179 wakapoteza maisha. Ilani kwamba sehemu ya njia ile ilikuwa imefungwa kwa ujenzi ilikuwapo. Lakini mwanzoni mwa njia, mahali ndege ilipoingilia, hapakuwa na kizuizi chochote. Karatasi ilisema kweli, na ardhi ikanyamaza.

Miaka 17 baadaye, tarehe 7 Julai 2017, ndege ya Air Canada ilikaribia kutua San Francisco, si kwenye njia ya kutua, bali kwenye barabara ya pembeni ambako ndege nne zilizojaa abiria zilikuwa zikingoja kuruka. Ilipita juu yao kwa kimo cha kiasi cha mita 18 kabla ya kupaa tena. Njia ya jirani ilikuwa imefungwa na taa zake kuzimwa, na ilani ya jambo hilo ilikuwamo katika karatasi za marubani: ukurasa wa 8 kati ya kurasa 27. Mwenyekiti wa bodi ya uchunguzi ya Marekani, Robert Sumwalt, alizilaumu ilani za namna hiyo hadharani kwa maneno makali, akizifananisha na takataka ambazo hakuna anayezijali.

Somo ni wazi. Habari isiyosomeka ni sawa na habari isiyotolewa. Ofisi inayorundika ilani mia moja, zikiwamo za mambo yaliyokwisha wiki tatu zilizopita, humficha rubani lile neno moja linaloweza kumwokoa. Kila mtumishi wa Serikali anaujua ugonjwa huu kutoka ofisini kwake mwenyewe: nyaraka zinazotolewa ili mtoaji ajikinge na lawama, bila kujali kama mpokeaji ataelewa. Katika ofisi nyingi ugonjwa huo hupoteza wakati. Kwenye uwanja wa ndege huua.

Wa mwisho ni wale wanaotegemea mitambo. Hawa hudai kuwa kifaa kinachojiendesha kitapima kila kitu, kwa hiyo wapimaji wapunguzwe. Hakuna anayepinga mitambo. Inahitajika, na inafaa iongezwe. Lakini chombo cha kupimia mawingu hutazama sehemu ya anga iliyo juu yake tu. Wingu la radi linalosogea kutoka ziwani, ambalo mvuvi na mtoto wa shule wanaliona wazi, chombo hicho huweza kutolisema mpaka limefika juu yake. Na mitambo hutunzwa na watu. Tarehe 11 Januari 2023, mtambo wa ilani za marubani wa Marekani ulisimama kwa sababu mafundi wa kampuni ya mkataba walifuta mafaili kwa bahati mbaya. Ndege zilizuiwa kuondoka nchi nzima, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mashambulizi ya Septemba 2001, na safari zaidi ya 1,300 zikafutwa siku hiyo. Nchi tajiri kuliko zote ilikwama kwa kukosa ubao wa matangazo.

Lipo jambo jingine ambalo watu hulisema kwa kunong'ona, nalo linastahili kusemwa kwa sauti. Ni shinikizo la wakubwa. Ujumbe mzito unangojwa, mkutano umepangwa, hotuba imechapwa, na kule uwanjani ukungu umetanda. Hapo huanza simu: je, ukungu huo ni mwingi kweli? Hauwezi kuandikwa kidogo zaidi? Tarehe 10 Aprili 2010 ndege iliyombeba Rais wa Poland, Lech Kaczyński, ilikuwa ikielekea Smolensk, Urusi. Marubani waliambiwa kuwa hali haifai kutua. Upeo wa macho ulikuwa chini kabisa ya kiwango kinachoruhusiwa. Ndege iliendelea kushuka, ikaanguka, na watu wote 96 waliokuwamo wakafa, Rais mwenyewe akiwamo. Ukungu haujui cheo. Mpimaji mdogo anayeandika kweli mbele ya mkubwa mwenye haraka anamlinda mkubwa huyo kuliko walinzi wake wote, na inafaa alindwe na sheria pamoja na viongozi wake wa kazi.

Wengine watauliza fedha zitatoka wapi. Nchi hii haianzi kutoka patupu. Ilirithi kazi ya Idara ya Hali ya Hewa ya Afrika Mashariki, ikaunda idara yake baada ya Jumuiya kuvunjika mwaka 1977, ikaigeuza Wakala mwaka 1999, na kwa Sheria ya mwaka 2019 ikaunda Mamlaka ya Hali ya Hewa. Chombo kipo, sheria ipo, na wataalamu wapo. Mishahara ya wapimaji wa zamu ya pili katika uwanja mmoja, pamoja na gari la kukagulia njia na mafuta yake, ni kitu kidogo kikilinganishwa na bei ya ndege moja. Kikilinganishwa na roho 19, hakuna hesabu ya kufanywa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Walimu nao wana sehemu yao. Mpimaji wa kesho amekaa leo kwenye dawati la darasa la saba. Shule nyingi zimewahi kuwa na kipimamvua kwenye ua, kinachosomwa kila siku saa tatu asubuhi. Faida ya zoezi hilo haiko katika milimita peke yake. Mtoto anayefundishwa kuandika sifuri siku isiyokuwa na mvua, na kuacha nafasi wazi siku aliyosahau kusoma, amejifunza msingi wa utumishi wa umma. Anayeruhusiwa kubuni tarakimu za wiki nzima siku ya Ijumaa ili mwalimu asigombe, naye amejifunza jambo, na atakwenda nalo ofisini.

Yanayotakiwa, basi, hayana utata. Kila uwanja unaopokea safari za ratiba uwe na mpimaji aliye zamuni mpaka ndege ya mwisho imetua. Taarifa maalumu itolewe mara hali inapobadilika, bila kungoja kibali. Njia ikaguliwe kila mvua inaponyesha, na alama yake itolewe na mtu aliyefika mahali penyewe. Ilani zilizokwisha muda zifutwe siku hiyo hiyo, na njia iliyofungwa iwekewe kizuizi kinachoonekana. Atakayebuni tarakimu aadhibiwe, na atakayemshinikiza mpimaji aadhibiwe zaidi, awe na cheo gani.

Masika yatarudi, na mawingu yatajengeka tena juu ya ziwa usiku kama yalivyofanya kabla ya ndege kuvumbuliwa. Hilo haliko katika uwezo wa Serikali yoyote. Lakini abiria anayepanda ndege asubuhi kwenda Bukoba, Songwe au Kigoma ana haki ya kujua kwamba kule anakokwenda yuko mtumishi mmoja aliyetoka nje, akatazama juu, na kuandika alichokiona.